Kurudiwa na Baba

Kijana wa mjini akifungua Biblia ya Union, ile iliyotoka mwaka 1952, na kusoma Waebrania 12:6, "Maana yeye ambaye Bwana ampenda, humrudi," mara nyingi anaelewa kwamba Mungu alikuwa ameondoka na sasa amerejea. Hana kosa. Kitenzi "kurudi" kwa maana ya kumnyoosha mtoto kimepotea mitaani, kimebaki kwa wazee na katika Maandiko. Mzee akisema "mtoto huyu hakurudiwa", hazungumzii safari. Anasema hakupata mtu wa kumwambia hapana.

Neno hili linastahili kukaliwa kidogo, kwa sababu machozi mengi yanayomwagika katika vyumba vya ushauri makanisani yanaanzia hapa. Kigiriki chake ni paideia, na maana yake ni malezi yote ya mtoto: kufundishwa, kuzoezwa, kukanywa, kukosolewa, na hata kuchapwa. Watafsiri wetu walilipa majina kadhaa. Katika Waebrania 12:5 ni "marudia". Katika Waefeso 6:4, akina baba wanapoagizwa namna ya kuwalea watoto wao, neno lilelile limekuwa "adabu". Katika 2 Timotheo 3:16 ni "kuwaadibisha katika haki". Halafu ukifika Waebrania 12:11 unakuta "adhabu": "Kila adhabu wakati wake haionekani kuwa kitu cha furaha, bali cha huzuni." Adabu na adhabu, tofauti ya herufi moja tu kwenye karatasi, lakini mtu akizichanganya moyoni anaweza kuishi miaka ishirini ndani ya wokovu akimkimbia Mungu aliyemwokoa.

Adhabu inaliangalia kosa na kudai malipo. Adabu inamwangalia mtoto na kuuliza atakuwa mtu wa namna gani akikua. Kwa aliye ndani ya Kristo, malipo yalikwisha: "Adhabu ya amani yetu ilikuwa juu yake," anasema Isaya 53:5, na Paulo anahitimisha katika Warumi 8:1 kwamba hakuna hukumu ya adhabu juu yao walio katika Kristo Yesu. Kwa hiyo dada anayemuuguza mtoto na kusema, "Mungu ananilipiza ile mimba niliyoitoa nikiwa chuoni," anajibebesha kitu ambacho Maandiko hayakumbebesha. Kama alitubu, dhambi ile ilipata wa kuilipia. Mungu hadai deni moja mara mbili. Dada huyu aambiwe hivyo waziwazi, na aambiwe tena wiki ijayo, maana hataamini mara ya kwanza.

Tuangalie barua hii iliandikiwa nani. Wasomaji wa kwanza wa Waebrania hawakuwa wazinzi waliofumaniwa. Sura ya 10, mstari wa 34, inasema walikubali kwa furaha kunyang'anywa mali zao na waliwaonea huruma waliofungwa. Waliteswa kwa sababu ya imani yao. Na ni hao hao wanaoambiwa kwamba mambo yanayowapata ni marudi ya Baba. Mwandishi hawaambii wakatafute dhambi iliyoleta mateso yale. Anawaambia Baba ameyashika mateso ambayo watu wabaya waliyaleta na kuyafanya uwanja wa mazoezi. Neno "waliozoezwa" katika 12:11 ni la wanamichezo, na ndiyo maana sura inaanza na mbio. Tena, sura ya 5:8 inasema Yesu mwenyewe, "ingawa ni Mwana, alijifunza kutii kwa mateso hayo yaliyompata". Yeye hakuwa na dhambi ya kurekebishwa. Ukishaliona hilo, huwezi tena kumtazama mgonjwa kitandani ukauliza amefanya nini.

Basi mkono wa Baba hufanya kazi kwa namna zaidi ya moja, na anayetaka kumsaidia mtu lazima azitofautishe.

Kuna marudi ya kurekebisha. Daudi alimchukua mke wa Uria, akamuua Uria kwa upanga wa Waamoni, akakaa kimya mpaka mtoto akazaliwa. Mungu akamtuma nabii Nathani na mfano wa maskini aliyenyang'anywa na tajiri mwana-kondoo wake mmoja. Daudi alipokiri, jibu lilikuja katika mstari uleule, 2 Samweli 12:13: "Bwana naye ameiondoa dhambi yako, hutakufa." Msamaha haukungoja. Lakini matokeo hayakufutwa: mtoto aliugua siku saba akafa, na upanga haukuondoka nyumbani kwake. Hapa ndipo wengi wanapojikwaa. Wanadhani matokeo yakibaki, basi msamaha haukufika. Soma mpaka mstari wa 25. Sulemani anapozaliwa, Mungu anatuma jina la mtoto, Yedidia, maana yake mpenzi wa Bwana, na anayetumwa kulipeleka ni Nathani yuleyule aliyesema "Wewe ndiwe mtu huyo."

Kuna marudi ya kukinga. Mwiba wa Paulo katika 2 Wakorintho 12:7 haukuja baada ya kiburi. Ulikuja ili asije akajivuna kupita kiasi. Alisihi mara tatu utoke, haukutoka. Mtu wa namna hii ukimwambia atubu utamchosha bure, maana dhambi anayokingwa nayo hajaitenda.

Na kuna marudi ya kukomaza, ambayo ndiyo mengi na ndiyo tunayoyaelewa kidogo. Wanaolima kahawa kwenye miteremko ya Kilimanjaro na Meru wanayajua kwa mikono yao. Mbuni ukizeeka, mkulima huukata kwa msumeno kiasi cha sentimita 30 kutoka ardhini, na mkato anaulaza upande mmoja ili maji ya mvua yateremke, yasituame juu ya kisiki yakakiozesha. Miezi michache baadaye kisiki kinachipua maotea mengi. Anabakiza mawili au matatu yenye nguvu na mengine anayatoa yakiwa bado laini, kwa sababu akiyaacha yote yatagombea chakula na hakuna litakalozaa vizuri. Kwa karibu miaka miwili hapo havuni kitu. Mpita njia akiliona shamba siku ya msumeno atadhani mwenye shamba ameichukia kahawa yake. Lakini mti asioutaka hasumbuki kuukata kwa uangalifu namna hiyo, anaung'oa na shina lake na kupanda kitu kingine. Yesu anasema katika Yohana 15:2 kwamba tawi linalosafishwa ni lile lizaalo, "ili lizidi kuzaa". Yale maotea yanayotolewa nayo yalikuwa na uhai. Huduma, nafasi, marafiki, mipango mizuri: Baba anaweza kukuondolea kitu ambacho si dhambi hata kidogo.

Sasa, mtu aliye katikati ya jambo atajuaje ni lipi? Hakuna kipimo cha dakika tano, na anayekuahidi kukusomea chanzo cha shida yako kwa sadaka fulani anakuibia. Lakini ipo njia inayofuatika.

Tenga nusu saa kila asubuhi kwa siku saba, kabla hujagusa simu. Soma Waebrania 12:1-13 yote, polepole, kisha omba Zaburi 139:23-24: "Ee Mungu, unichunguze, uujue moyo wangu." Kaa kimya. Kama kuna kosa ambalo Mungu anakugusa juu yake, litakuja likiwa na jina. Roho Mtakatifu hutaja jambo, kama Nathani alivyomtaja Uria kwa jina na kabila lake, na pamoja na jambo hukuonyesha mlango wa kutokea. Yule mshitaki wa ndugu zetu anayetajwa katika Ufunuo 12:10 hufanya kinyume. Anakuacha na ukungu: wewe ni mbaya, wewe ndivyo ulivyo, hata familia yenu yote ndivyo ilivyo. Ukibaki na ukungu usio na jina wala mlango, usiuite sauti ya Baba.

Siku saba zikipita bila jambo lolote mahususi, acha kuchimba. Biblia haikuweka hesabu hiyo ya siku. Imewekwa hapa ili mtu mwenye dhamiri nyepesi asikae mwaka mzima akifukua makaburi. Ayubu alifukuliwa na marafiki zake kwa sura nyingi, na mwishoni, 42:7, hasira ya Mungu ikawaka juu ya Elifazi na wenzake wawili. Walifanya jambo jema moja tu, la kukaa naye chini siku saba mchana na usiku bila kusema neno. Waliharibu walipofungua mdomo.

Katika siku hizo saba jiulize pia maswali ya kawaida kabisa. Je, haya ni mavuno ya nilichopanda? Aliyechukua mikopo mitatu ya kausha damu ili afanye harusi ya watu mia tatu, kisha wakaja kubeba friji na makochi, hana haja ya kutafuta laana ya ukoo. Wagalatia 6:7 inamtosha. Baba hutumia mavuno hayo kumfundisha, na somo lenyewe huanza na daftari la matumizi. Je, hii ni dhambi ya mtu mwingine? Yusufu hakuuzwa kwa makosa yake. Je, ni ugonjwa tu, katika dunia ambayo watu huugua? Wanafunzi walimwuliza Yesu kuhusu kipofu, "ni yupi aliyetenda dhambi, mtu huyu au wazazi wake", naye akakataa majibu yote mawili. Kisukari kikipanda, anza kwa kuangalia kama umeacha dawa.

Kama kosa limetajwa, toba ifanyike kwa kulitaja vilevile. "Bwana, kama nimekosa mahali, unisamehe" ni maneno ya mtu asiyetaka kuulizwa. Toba inasema nilifanya nini, kwa nani, kiasi gani. Na palipo na kitu cha kurudisha, kirudishwe. Torati, katika Walawi 6:5, iliagiza mtu arudishe mali kamili na kuongeza sehemu ya tano. Hatuko chini ya torati ile, lakini kipimo kile kina hekima, maana kinagusa mfuko. Mweka hazina wa kikoba aliyekula shilingi 200,000 za wenzake, kwa kipimo hicho angerudisha 240,000. Kama hana, aende kwa mwenyekiti akiwa na mpango mkononi, 20,000 kila mwezi kwa miezi kumi na miwili, umeandikwa na kusainiwa mbele ya shahidi. Asianze mazungumzo kwa kusema Mungu ameshamsamehe. Hata kama ni kweli, kwa aliyeibiwa sentensi hiyo inasikika kama kufungiwa mlango.

Uamsho wa Afrika Mashariki, ulioanzia Gahini kule Rwanda miaka ya 1930 na kuenea Uganda, Kenya na Tanganyika, uliwaachia waumini wa nchi hizi desturi ya kutembea nuruni: kukaa na ndugu wachache na kulitaja kosa bila kulivalisha nguo nzuri. Ni urithi mkubwa, na makanisa mengi yameuacha usinzie. Lakini una hatari yake. Mtu akisimama mbele ya watu kuungama uzinzi akamtaja na mwenzake, ametua mzigo wake kwa kuutupa juu ya kichwa cha mwingine. Upana wa ungamo uwe sawa na upana wa kosa. Lililofanywa moyoni liungamwe kwa Mungu, lililomuumiza mmoja liungamwe kwake, lililoumiza kanisa lisemwe kanisani.

Waebrania 12:5 inataja namna mbili za kuharibu marudi, na mstari wa 15 unaongeza ya tatu. Ya kwanza ni kuyadharau. Mtu anapata mtikisiko, anafunga siku tatu, shida inapungua, anarudi palepale alipokuwa. Au anabadilisha kanisa kila anapokanywa, na kila aendako anasimulia kwamba kule hawakuwa na upendo. Ya tatu ni shina la uchungu. Huyu haachi kanisa. Anakuja, anakaa, lakini ushuhuda wa mwenzake unamchoma, na akisali anasali kama mtu anayedai mshahara.

Ya pili, kuzimia moyo, inahitaji mikono laini kuliko zote. Dalili zake ni za kawaida: anahamia benchi la nyuma, anaacha kwaya, hapokei simu, anasema Mungu amemchoka. Usimhubirie. Elia alipoomba kufa chini ya mretemu, 1 Wafalme 19, Mungu hakumkemea. Alimwacha alale, akamlisha mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji, akamwacha alale tena, akamlisha tena. Mazungumzo yalikuja baadaye, mlimani. Mpikie. Mfulie. Na kama kwa majuma mawili halali, hali, haoni raha ya kitu chochote, au anasema afadhali afe, mpeleke hospitali siku hiyohiyo, na usimwache peke yake njiani. Sonona ni ugonjwa, na dawa yake haipingani na maombi.

Wako ambao neno "Baba" lenyewe ndilo linalowafunga. Walilelewa na mtu ambaye watoto walikuwa wakisikiliza hatua zake mlangoni usiku ili kujua leo ni siku gani, ya kuchapwa au ya kulala. Au hakuwepo kabisa. Waebrania 12:10 haiwafichi baba hao. Inasema waliturudi "kama walivyoona vema wenyewe, bali yeye kwa faida yetu, ili tuushiriki utakatifu wake". Mtu wa namna hii asianze kwa baba yake akapanda kwenda kwa Mungu, hatafika. Aanze kwa Yesu, aliyesema katika Yohana 14:9, "Aliyeniona mimi amemwona Baba." Asome Injili moja mpaka mwisho akijiuliza katika kila sura: Yesu alimfanya nini mtu aliyekosa? Na kwa mwezi mzima alale na Zaburi 103:13-14, kwamba Bwana anawahurumia wamchao kama baba anavyowahurumia watoto wake, kwa sababu "anatujua umbo letu, na kukumbuka ya kuwa sisi tu mavumbi". Mdomo ukikataa kusema Baba, aseme Bwana. Hakuna haraka.

Kutokana na hayo kuna jambo ambalo lazima lisemwe bila kuzunguka. Mwanamke anayepigwa na mumewe asiambiwe na mchungaji, wala mama mchungaji, kwamba Mungu anamrudi kwa njia ya ndoa yake. Ngumi za mume si marudi ya Bwana. Kwa Tanzania, aende kituo cha polisi chenye dawati la jinsia na watoto, apewe PF3, fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, atibiwe, na apate mahali salama pa kulala. Akiwa taabani, aende hospitali kwanza. Kanisa limsindikize. Maneno ya Waebrania 12 ni ya Baba kwa watoto wake, na hakuna mwanadamu aliyepewa kuyatumia kama fimbo yake.

Hata fimbo ya kanisa ina mipaka. Mathayo 18:15-17 inaweka hatua: wewe na yeye peke yenu, kisha mmoja au wawili, kisha kanisa. Wagalatia 6:1 inaongeza "kwa roho ya upole". Tunachokiona mara nyingi ni kuruka hatua mbili za kwanza. Binti akipata mimba anatengwa na Meza ya Bwana, anasimamishwa mbele ya watu, na kijana aliyempa mimba anaendelea kupiga kinanda. Huo ni uonevu, na binti anaondoka akiamini kwamba hivyo ndivyo Mungu alivyo. Tena kutengwa kukishatolewa, wengi husahau kwamba lazima kuwe na siku ya kumaliza. Paulo aliandika juu ya mtu aliyerudiwa na kanisa la Korintho kwamba adhabu ile yamtosha, sasa wamsamehe na kumfariji, "asije akamezwa na huzuni yake ipitayo kiasi" (2 Wakorintho 2:6-8). Wazee wa kanisa wanaoandika tarehe ya kumtenga mtu waandike siku hiyohiyo tarehe ya kwenda kumwona nyumbani kwake.

Na kwa aliye katikati ya jangwa lake sasa hivi, lipo zoezi dogo linalotoka katika Kumbukumbu la Torati 8. Mstari wa 5 unasema Bwana aliwarudi Israeli kama mtu amrudivyo mwanawe. Mstari ulio juu yake unasema, "Mavazi yako hayakuchakaa, wala mguu wako haukuvimba, miaka hii arobaini." Ni watu walewale, safari ileile. Chukua daftari, piga mstari katikati ya ukurasa. Kushoto andika kilichoondolewa: kazi, afya, mchumba, jina zuri. Usipunguze kitu, Mungu haogopi orodha hiyo. Kulia andika ambacho hakikuchakaa, kwa tarehe na kiasi: kodi ya Machi ilipatikana tarehe 29, jirani alileta debe la mahindi, mtoto hakukosa shule hata siku moja, usiku wa Jumanne nililala. Wengi wiki ya kwanza upande wa kulia huwa na mistari miwili tu, na mmoja kati ya hiyo wanaufuta. Endelea kuandika. Usiufute.